Niliandika "Wameridhika" Bila Kuwauliza

Sitamsingizia mtu. Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu, kalamu mkononi na shahada moja ukutani. Jina langu nimelificha kwa ajili ya wakwe zangu, ambao wameshaaibika vya kutosha kwa sababu yangu. Nakusimulia kama rafiki tuliyekaa naye hotelini tukingoja chai, kwa hivyo ukicheka sitakasirika. Wengi wamecheka kabla yako, na walikuwa na haki.

Miaka ya mwisho ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari ya kutwa hapa Machakos mjini. Shule zikifungwa nilikuwa naenda Nairobi kusomea shahada ya pili. Mke wangu, Mwende, alikuwa sekretari katika ofisi ya wakili mmoja, na vidole vyake vilikimbia kwenye mashine kuliko mawazo yangu kichwani. Kazi zangu zote za chuo alinipigia chapa yeye, jioni baada ya kuosha vyombo.

Mwende ni mtu wa Wamunyu, kwa wachongaji wa vinyago. Kwa hivyo ulipofika wakati wa kuchagua utafiti, sikuhangaika. Niliamua kuandika ripoti juu ya kazi ya uchongaji: mbao zinatoka wapi, vinyago vinauzwa vipi, kwa nini wachongaji bado ni maskini. Nilijiona mjanja. Nyumbani kwa wakwe kuna chakula na malazi, na watu wa kuhojiwa wako nje ya mlango.

Nilichosahau ni nthoni. Kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake wana heshima yao. Hamkai karibu, hamtazamani usoni, hamzungumzi ovyo. Nikitokea kwenye njia moja na mama mkwe, mmoja wetu anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine. Sasa mtu kama huyo utamhoji vipi? Hata mama wengine wa pale waliniita mkwe wa kijiji, na nikiwasogelea na daftari walianza kujifunika leso na kucheka.

"Wachana nao," Mwende aliniambia. "Wewe uliza wanaume. Kina mama nitauliza mimi."

Na akauliza. Likizo nzima ya Desemba alishika ile redio ndogo ya kurekodi niliyoazima shuleni, akawafuata wanawake walikokaa. Wanaume walichonga kwenye kibanda cha mbele, penye wageni na wanunuzi. Wanawake walikaa nyuma ya nyumba, wakipiga msasa. Kinyago kikitoka mkononi mwa mwanamume huwa na makovu ya patasi mwili mzima. Ni wanawake waliokilainisha, wakakipaka rangi na nta mpaka kikang'aa. Niliwaona kila siku nikienda chooni. Niliwasalimu vizuri sana.

Mwende alirudi na kaseti kadhaa zilizojaa. Moja ilikuwa ya mama yake peke yake, pande zote mbili.

"Sikiliza hii kwanza," aliniambia. "Kuna mambo humo."

Nikamwambia nitasikiliza.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Mwenyekiti wa chama cha wachongaji, Mzee Kioko, alikuwa amenikwepa wiki nyingi. Siku moja baada ya ibada akanishika bega, akasema yuko tayari kuzungumza, na iwe sasa hivi kwa sababu kesho anasafiri. Nikakimbia nyumbani kwa wakwe kuchukua kaseti. Tupu hazikuwepo. Madukani palikuwa pamefungwa. Mezani palikuwa na zile za Mwende.

Nilisimama pale nikizitazama. Ningeweza kuandika kwa mkono. Ningeweza kumwomba Mzee angoje. Lakini nilijiambia, haya ni maneno ya kina mama tu, Mwende anayakumbuka, atanieleza tena. Nikachukua kaseti ya mama mkwe, na nyingine mbili kwa sababu Mzee Kioko anapenda kuzungumza, nikaenda kurekodi juu ya sauti zao.

Mzee alieleza historia ya chama tangu siku ya kwanza, na maisha yake mwenyewe, na ugomvi wake na mwenyekiti aliyemtangulia. Zilijaa zote tatu. Ripotini nilitumia sentensi mbili.

Mwende sikumwambia. Nilizirudisha kaseti kwenye pakiti zake na mwandiko wake juu.

Mwaka uliofuata niliandika ripoti yote na kuipeleka kwa msimamizi wangu chuoni. Sisi wanafunzi tulimwita Daktari. Alikuwa mama mtulivu mwenye miwani ya kamba, asiyepaza sauti hata kidogo, na ndiyo maana tulimwogopa. Aliniita ofisini, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe.

"Hapa ulihoji muuzaji wa duka la vinyago," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Unasema mahojiano yalisimama kidogo muuzaji amnyonyeshe mtoto."

"Ndiyo."

"Halafu umeendelea na Kiingereza chako, muuzaji huyo ni mwanamume mpaka mwisho wa sura." Aliniangalia juu ya miwani. "Bwana huyu anayenyonyesha ningependa sana kukutana naye."

Unajua Kiswahili kina ukarimu wake. Ukisema "yeye" umesema mtu, mwanamume au mwanamke. Kikamba pia ni vivyo hivyo. Kiingereza kinakulazimisha uchague, na mimi kila mahali nilichagua mwanamume bila hata kujua nimechagua. Mkulima mwanamume, mnunuzi mwanamume, mchongaji mwanamume, na sasa mpaka mama mwenye mtoto kifuani.

Daktari hakuishia hapo. Aliuliza ni nani anayelainisha vinyago. Aliuliza pesa zikiingia nyumbani ni nani anayepanga matumizi. Akasema ripoti yangu imetazama kwa jicho moja, na kwamba nirudi na sura nzima yenye mtazamo wa kijinsia.

"Una mahojiano ya wanawake?" aliuliza.

"Niko nayo, Daktari. Mke wangu aliyafanya."

"Vizuri sana. Basi kazi ni rahisi."

Nilirudi Machakos nikiwa nimekaa kwenye kiti cha matatu kama mtu aliyekalia mwiba. Zile kaseti zilizobaki nilizisikiliza, lakini zilikuwa za wanawake wawili watatu wenye haya, wakijibu ndiyo na hapana. Zilizokuwa na nyama ndizo nilizozifuta. Jambo la kufanya lilikuwa wazi. Nimwambie Mwende, aende tena kwao, aulize tena. Jumamosi chache tu.

Nikaona aibu. Na aibu ya mwanamume msomi ni hatari, maana ina kalamu. Nilikaa mezani nikaandika kwamba wanawake wa Wamunyu huwasaidia waume zao kazi ndogo ndogo wanapopata nafasi, na kwamba walipohojiwa walisema wameridhika na mpango huo. Nikaweka takwimu kidogo za kubuni pembeni ili ipendeze. Nikaita sura hiyo "Mtazamo wa Kijinsia." Ilikuwa na kurasa tatu, moja yake picha.

Mwende hakuiona. Kwa mara ya kwanza nilipeleka kazi yangu kupigwa chapa kwenye duka la kompyuta karibu na stendi.

"Na ile sura ya kina mama?" aliniuliza.

"Nimeshaimaliza."

"Uliweka ile ya mama?"

"Yote iko ndani," nikasema, nikaomba chumvi.

Daktari alikuwa na wanafunzi wengi muhula ule. Aliipitisha, japo kwa uso wa mtu anayesikia harufu asiyojua inatoka wapi. Ningeishia hapo, nipate shahada yangu, niende na siri hiyo kaburini. Lakini shirika moja lililokuwa likisaidia mafundi wa Ukambani likapata nakala. Likafurahi. Likaamua kutoa mafunzo ya kumalizia vinyago vizuri: namna mpya ya kupiga msasa, kupaka vanishi, na vifaa vya kuziba pua na mdomo. Kwa kuwa ripoti ilisema wachongaji ni wanaume na wanawake wameridhika, walioalikwa wote walikuwa wanaume.

Umeelewa? Wanaume walipelekwa semina kufundishwa kazi ambayo hawakuwa wanaifanya. Walikula vizuri, wakarudi na vyeti na vile vifaa vya pua, wakavitundika ukutani, na vinyago wakawapelekea wake zao kama kawaida.

Kisha shirika likaomba niende Wamunyu kuwasomea watu muhtasari wa ripoti. Tulikutana uwanjani pa chama. Wanaume viti vya mbele, wanawake nyuma. Mwende alikuwa amekuja nami, amevaa gauni lake la Krismasi. Alikuwa na fahari siku hiyo. Nikimkumbuka na lile gauni ndipo moyo unaniuma zaidi.

Nilisoma kwa Kiswahili, nikichanganya na Kikamba. Nilipofika sura ya wanawake nilitaka kuiruka, lakini ofisa wa shirika alikuwa na nakala mkononi akifuata kwa kidole. Nikasoma haraka haraka. Huwasaidia waume zao wanapopata nafasi. Walisema wameridhika.

Pale nyuma mama mkwe akasimama. Hakunitazama, nthoni haimruhusu. Alimgeukia Mzee Kioko.

"Mwenyekiti, nisaidie kumuuliza huyo mwalimu. Ni nani alimwambia ameridhika? Labda ni mimi na nimesahau. Umri huu mtu husahau."

Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Mzee Kioko akanigeukia kana kwamba sikusikia. "Anauliza ni nani alikwambia ameridhika."

"Mwambie ni maoni ya jumla," nikasema.

"Anasema ni ya jumla."

"Mwambie asante," mama mkwe akasema. "Mimi nilikuwa nafikiria niko kwa hiyo jumla."

Mwanamke mwingine, mama mmoja mnene aliyeitwa Nduku, akainuka kabla kicheko hakijaisha. "Na mimi nimesikia hapo ati tunasaidia tukipata nafasi. Hiyo ni kweli kabisa. Tena nikiangalia vizuri, kesho mimi sina nafasi. Nyinyi wenzangu mko na nafasi?"

Hawakuwa na nafasi. Hakuna aliyekuwa na nafasi.

Niliwatazama wanaume wa viti vya mbele wakicheka pamoja na wengine, wakidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata hawakucheka. Mnunuzi wa Nairobi alikuwa ameagiza twiga na vifaru, na vyote vilikuwa vimepangwa nyuma ya nyumba vikiwa na makovu yao. Mwanamume akiuliza anaambiwa kwa upole, "Bado sijapata nafasi, baba." Waliokwenda semina walijaribu wenyewe. Nasikia kifaru kimoja kililainishwa mpaka pembe ikaisha.

Mzee Kioko alisafiri mpaka shuleni kwangu. Aliniita nje ya darasa la kidato cha tatu.

"Mwalimu, hiyo kitabu yako tunaweza kuifuta?"

"Si rahisi, Mzee."

"Basi njoo upige msasa."

Nyumbani kwangu kulikuwa na hali yake. Mwende hakupiga kelele tulipotoka Wamunyu. Aliingia chumbani, akatoa zile kaseti, akaweka ya mama yake kwenye redio. Sauti ya Mzee Kioko ikajaa sebule, ikieleza ugomvi wake na mwenyekiti wa zamani. Mwende aliisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaizima.

"Ungeniambia," alisema. "Ningeenda tena. Ni hapo tu."

Kuanzia siku hiyo kila nilichomuuliza kilikuwa na jibu moja. Mwende, unaumwa? Nimeridhika. Mwende, twende kwa dada yako Jumapili? Nimeridhika. Nilikuwa nikipika ugali mbichi, naye anaula, nikiuliza ukoje, ananiambia ameridhika. Habari ikafika shuleni, sijui kupitia kwa nani, na walimu wenzangu wakanipa jina. Hata leo kuna mzee kwenye stafurumu ya walimu anayeniita Bwana Wameridhika.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mvua za Aprili zilipoanza mama mkwe akaletwa hospitali hapa mjini, kifua kimembana, hawezi kumaliza sentensi. Daktari wa hospitali aliuliza kazi yake, akasema ni vumbi la mbao, limekaa humo miaka. Mimi nilikuwa nje kwenye kibaraza, maana sikuweza kuingia wodini kukaa karibu na kitanda chake. Mwende akatoka, akakaa kando yangu kwenye benchi.

"Hiyo ndiyo alikuwa ananieleza kwenye kaseti," alisema. "Upande mzima wa pili. Vile wanakohoa. Vile wameomba wajengewe kibanda penye upepo, waume wanasema pesa hakuna. Aliniambia, mwambie bwana yako aandike, yeye ni mtu wa vitabu, watamsikia."

Vifaa vya kuziba pua vilikuwa vimefika Wamunyu kwa ripoti yangu, na vilikuwa vimetundikwa ukutani kama picha.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda chuoni. Nilimweleza Daktari yote, kaseti, takwimu, duka la kompyuta. Alivua miwani.

"Kitu kimoja sielewi," alisema. "Kama ulikuwa unabuni, kwa nini ulibuni kwamba wameridhika? Ungebuni malalamiko."

"Kuridhika ni sentensi moja, Daktari. Malalamiko yangehitaji sura nzima."

Alitabasamu, kisha akaifuta ripoti yangu. Nilirudia mwaka. Wenzangu walivaa majoho, mimi nilikaa nyuma kabisa nikiwapigia makofi. Shule yangu ilikuwa ikitafuta naibu mwalimu mkuu mwenye shahada ya pili, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Sikulalamika. Hata shirika niliwaandikia, nikawaambia ukweli, na hawakunijibu kwa muda mrefu.

Mwende alikubali kuhoji upya, si kwa ajili yangu, alisema, bali kwa ajili ya mama yake. Lakini wanawake, ambao sasa walikuwa wamerudi kwenye msasa, walikuwa na sharti, na Nduku ndiye aliyelileta. Mwende akizungumza nao, mimi niwe nimekaa pale pembeni nikipiga msasa, ili mikono yao ikipumzika kazi isilale.

Basi nikakaa. Mwalimu mzima, mkwe wa kijiji, juu ya kigogo nyuma ya nyumba, na twiga katikati ya magoti. Shingo ya twiga usiichezee. Asubuhi niliona ni kazi ya kupumzisha akili. Kufikia mchana vidole vilikuwa vinatoa damu, pua imeziba, nimekohoa mpaka machozi. Watoto wa jirani walikuja kunitazama. Mama mkwe, ambaye alikuwa ametoka hospitali, alipita mbali upande wa jiko, akasimama, akamwambia Nduku kwa sauti ambayo ningeisikia, "Mwambie afuate mwelekeo wa mbao. Anaikwaruza."

Nikageuza mkono. Ikawa rahisi kidogo.

Siku hizo, nikiwa kimya na msasa wangu, nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia miaka yote ya kuoa pale. Nani anauza kinyago kidogo kwa siri ili mtoto aende shule. Nani hujua kuchonga kuliko mumewe lakini huchonga mlango ukiwa umefungwa. Hawakuwa wameniambia kwa sababu sikuwa nimekaa chini.

Ripoti ya pili ilipitishwa. Haikuwa na sura ya "Mtazamo wa Kijinsia." Daktari alisema si lazima, kwa kuwa wanawake sasa walikuwa kila sura, mahali walipokuwa siku zote. Katika ukurasa wa mbele nilitaka kumshukuru Mwende kwa uvumilivu wake, kama waume wengi wanavyoandika. Alipofika hapo akiipiga chapa alisimama, akafuta mwenyewe, akaandika kwamba mahojiano ya wanawake yalifanywa naye, na jina lake kamili. Sikubishana. Ndiyo sentensi sahihi kuliko zote mle ndani.

Shirika lilirudi baadaye. Kibanda kilijengwa, kina upepo, na vile vifaa vilishushwa ukutani. Mama mkwe hakuwahi kufanya kazi humo. Kifua chake hakikurudi kama zamani, na siku hizi anafuga kuku. Kama ningesikiliza kaseti ile Desemba ile, labda angeanza kupumzika mapema zaidi. Labda. Neno hilo ninalala nalo.

Wewe unayeandika ripoti yako sasa, iwe ya chuo au ya ofisi, nakusihi. Usingoje msimamizi akwambie uongeze wanawake mwishoni kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wakifika. Kila ulipoandika mkulima, fundi, mfanyakazi, jiulize huyo ni nani hasa, na ni nani yuko nyuma ya nyumba ambaye hukumfikia. Ukiona haya kumuuliza, mtume anayeweza, na akikuletea majibu yasikilize siku hiyo hiyo. Watu hao hawako mbali. Mwingine yuko chumba cha pili sasa hivi, anakupigia chapa.